Usimhesabie Saa

Shemeji, mke wa rafiki yangu, alinipigia simu Jumanne moja, saa tatu kasorobo usiku, wala hakunisalimu. "Shem, njoo uongee na ndugu yako. Hiki kimashine cha gemu kitanivunjia nyumba." Nyuma yake nilisikia umati wa uwanjani ukishangilia bao, kisha mlango ukabamizwa. Hesabu alikuwa nayo tayari. Siku za kazi, muda wa saa nne kila jioni. Jumamosi, saa tisa. Jumapili, tangu watoke kanisani mpaka usiku wa manane. Yote alikuwa ameyaandika nyuma ya daftari la mtoto, tarehe kwa tarehe, kama mtu anayejiandaa kwenda kwa chifu.

Nikapanda matatu hadi Zimmerman, hapa Nairobi. Rafiki yangu, mtu wa miaka thelathini na minane, nilimkuta ukingoni mwa kochi, magoti karibu yaguse televisheni, sauti ameipunguza watoto wasiamke. Hakuinua macho. Alinisogezea pedi ya pili kwa mguu. Tulicheza mechi mbili kimya, akanichapa zote mbili, halafu akasema twende juu tukapunge upepo. Juu ni paani, kwenye tangi la maji na kamba za nguo, mahali ambapo wapangaji wa ploti nzima hupanda wakiwa na neno lisilofaa kusikika ukutani kwa jirani.

Ndipo akaniambia. Kazi iliisha miezi miwili iliyopita. Mkataba haukuongezwa. Mkewe hajui. Kila asubuhi anavaa shati lililopigwa pasi, anabeba begi la laptopu, anashuka stejini. Laptopu yenyewe mwajiri alishaichukua. Tuliporudi chini alinifungulia lile begi kwa siri: chupa ya maji, bahasha ya vyeti, na pedi yake imeviringishwa kwa taulo la mtoto. Huibeba kwa sababu pedi za kibanda cha gemu anakoshinda zimechoka, stiki ya kushoto inatembea yenyewe, mchezaji anakimbilia kibendera cha kona bila kutumwa. Kibanda kiko Githurai. Anaingia saa tatu asubuhi, anatoka saa kumi, watoto wakiwa njiani kutoka shuleni. Jioni anawasha mashine ya nyumbani na kuendelea.

Daftari la shemeji, kumbe, lilikuwa na makosa mawili. Siku za kazi, saa alizoandika hazikufika hata nusu ya saa zenyewe. Na hata kama angezipata zote bila kukosa dakika, zisingemwambia kilichokuwa kikiendelea nyumbani mwake. (Mwenyewe ameniruhusu niyaandike haya, na nimebadilisha hili na lile asitambulike mtaani.)

Tuna tabia hapa mjini ya kumpima mcheza gemu kwa saa. Mtu mzima akishika pedi, kwanza tunamwita mtoto. Akizidisha, tunamwita mraibu. Yule anayekaa baa tangu mechi ya saa tisa na nusu alasiri mpaka ile ya saa mbili na nusu usiku, akitazama ligi ya Uingereza kwa macho mekundu, huyo hatumwandikii daftari. Huyo ni shabiki. Anayemaliza tamthilia tatu jioni moja anapumzika. Sisemi hivi kutafuta ugomvi, maana mimi ni wa baa na ni wa gemu pia. Nadhani tu kwamba mara nyingi kinachotuudhi ni sura ya jambo: mtu mwenye ndevu na watoto anafurahia kitu ambacho sisi tulishakiweka kwenye rafu ya watoto.

Wanasayansi nao walianzia kwenye saa. Kwa miaka mingi walikuwa wakiwauliza wachezaji wenyewe: wewe hucheza muda gani kwa siku? Swali hilo lina majibu ya kweli kama yale ya mtu aliyeulizwa mlangoni amekunywa chupa ngapi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakaamua kumzunguka mchezaji. Wakaziomba kampuni za gemu kumbukumbu zao, zinazoonyesha nani aliwasha lini na akazima lini. Mmoja wa utafiti huo, uliotoka mwaka 2022, ambao Matti Vuorre na Andrew Przybylski walikuwamo, uliwafuata wachezaji 38,935 wa gemu 7 kwa wiki 6. Ukakuta kwamba muda wa kucheza, uongezeke au upungue, haukuisogeza hali ya moyo ya mchezaji kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe angeweza kukihisi. Sababu ya kucheza ndiyo iliyokwenda sambamba na hali hiyo. Waliocheza kwa kupenda walikuwa afadhali, na waliocheza kwa kujihisi lazima wacheze walikuwa chini kidogo.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Japani, kwa kuwa humo bahati nasibu ndiyo iliyofanya kazi ya mtafiti. Kati ya mwaka 2020 na 2022 Nintendo Switch na PlayStation 5 ziliadimika kiasi kwamba maduka yalianza kuziuza kwa kura. Aliyeokotwa alipata nafasi ya kununua, asiyeokotwa akarudi mikono mitupu, na hakuna kilichowatenganisha ila bahati. Watafiti wakawalinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kuipata mashine kuliinua afya ya akili. Narudia, kuliinua. Faida hiyo ilianza kufifia kwa waliozidisha saa 3 kwa siku, lakini haikugeuka ghafla kuwa sumu saa ya nne ilipogonga. Ni kweli kilikuwa kipindi cha korona, watu wamefungiwa ndani. Ni kweli pia kwamba Tokyo si Kayole. Hata hivyo, tukitafuta idadi ya saa ambayo ikifika mtu mzima anaugua, tunatafuta kitu ambacho waliochunguza kwa makini hawajakiona.

Atakayekimbilia kusema basi hakuna tatizo asikimbie sana. Lipo.

Shirika la Afya Duniani liliingiza maradhi ya uchezaji gemu katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Usome maelezo yake mara mbili, hutakuta saa zikihesabiwa. Wanauliza kama mtu ameshindwa kujitawala: kuanza, kuacha, kujiwekea mpaka. Wanauliza kama gemu imepanda juu ya kila kitu kingine maishani mwake. Wanauliza kama anaendelea, au anazidisha, ilhali madhara anayaona. Na hayo yawe yameharibu kweli, iwe ni ndoa, kazi, masomo au urafiki, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Kwa kipimo hicho, wengi wa wanaume walioandikwa kwenye madaftari ya wake zao hawamo.

Madaktari wa akili wa Marekani walikuwa waangalifu zaidi. Katika mwongozo wao wa mwaka 2013, DSM-5, jambo hili waliliweka nyuma, kwenye sehemu ya mambo yanayohitaji kuchunguzwa zaidi, wakalipa dalili 9. Mwenye dalili 5 ndani ya mwaka ndiye wa kuangaliwa. Kati ya hizo 9 kuna kucheza ili kuikimbia hali mbaya ya moyo, na kuna kuwadanganya watu wa nyumbani kuhusu uchezaji. Rafiki yangu alikuwa nazo zote mbili, tena kwa ufundi. Ni nani mwingine anayepiga pasi shati ili adanganye?

Lakini je, alikuwa mgonjwa wa gemu? Wapo wasomi walioliandikia Shirika la Afya Duniani waziwazi kupinga hatua yake. Walisema dalili hizi zimeazimwa kwenye dawa za kulevya na kamari, na si zote zinazomkaa mcheza gemu. Kuwaza kokeini mchana kutwa ni ishara mbaya. Kuwaza mechi mchana kutwa ni Jumatatu ya kawaida katika ofisi yoyote ya Nairobi. Walisema pia kwamba kucheza kupita kiasi mara nyingi ni uso wa jambo jingine, unyogovu au wasiwasi uliokithiri, na kwamba ukitibu uso utaacha mwili. Wanaotetea uamuzi wa shirika wanajibu kwamba wapo watu wanaoangamia, wanafika kliniki, na daktari anahitaji jina la kuandika kwenye faili ili watibiwe.

Nadhani pande zote mbili zina hoja, ila kwa mtu mzima wa hapa kwetu mimi naanzia upande wa wapinzani. Kikohozi ni kweli unakisikia, na kinakunyima usingizi. Bado daktari atataka kujua ni cha vumbi la barabara au ni cha kifua kikuu. Unyogovu na gemu hulishana pande zote. Aliyekata tamaa hucheza zaidi, na anayecheza mpaka alfajiri akakosa usingizi na kazi huzidi kukata tamaa. Anayekaa nje hawezi kujua kipi kilitangulia kwa kutazama saa ya ukutani.

Hili nililielewa kwa macho yangu siku niliyomsindikiza Githurai. Kibanda ni cha mabati, televisheni sita, pazia zito mlangoni kuzuia mwanga usigonge kwenye vioo, na kibao kilichoandikwa kwa kalamu nene: ANAYECHAPWA ANALIPA. Saa saba mchana aliingia kijana mwenye tai, kadi ya kazi bado inaning'inia shingoni. Alicheza mechi kadhaa, akapigwa ile ya mwisho kwa penalti, akalaani, akacheka, akanunua smokie mlangoni na kurudi kazini akiifuta kachumbari kidoleni. Dakika arobaini hivi. Pembeni yangu alikaa mwingine, mkubwa kwangu kwa umri, koti amelivaa ingawa mle ndani mlikuwa na joto la tanuri. Huyo alifungua ukurasa wa kikosi. Akamtoa beki, akamrudisha. Akabadilisha mfumo, nne-tatu-tatu, kisha tatu-tano-mbili, kisha nne-tatu-tatu tena. Akafungua jezi, akatazama rangi. Mechi hakuianza. Naye alikaa dakika arobaini, akalipa, akatoka.

"Huyo hachezi," kijana mwenye kibanda aliniambia bila kuulizwa, akichomoa pedi na kuipangusa kwa suruali. "Huyo huja tu."

Muda wao ulikuwa sawa, mashine ni ile ile. Ukiwaandika kwenye daftari watakaa mstari mmoja.

Kinachomvuta mtu si siri kubwa. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wamejenga kwa miongo kadhaa nadharia kwamba binadamu ana njaa tatu za moyo mbali na ile ya tumbo: kujiamulia mambo yake, kujiona anaweza, na kuwa na watu walio wake. Mwaka 2006 Ryan na wenzake walionyesha kuwa gemu huvuta kwa kadiri zinavyozilisha njaa hizo. Ukiisoma nadharia hiyo ukiwa kwenye foleni ya Thika Road, utadhani waliiandika wakitutazama sisi.

Chukua siku ya rafiki yangu. Kodi inaamuliwa na mwenye nyumba, ada na shule, nauli na mvua. Alituma maombi ya kazi thelathini na kitu; yaliyojibiwa ni mawili, na yote mawili yalijibiwa na kompyuta. Kwenye gemu kosa lako unaliona papo hapo, na ukilirekebisha unalipwa papo hapo. Fanya mazoezi ya mipira ya adhabu tangu Jumatatu, Ijumaa utafunga. Sijui ofisi hata moja mjini hapa yenye haki ya namna hiyo. Na watu? Mle kibandani wanamwita Kocha. Wanafunzi wa chuo humwachia kiti. Kwa mwajiri wake alikaa miaka sita, na mpaka wiki ya mwisho mlinzi wa getini alikuwa akimwomba kitambulisho.

Robert Vallerand, mwanasaikolojia wa Kanada, aliandika mwaka 2003 kuhusu shauku mbili: ile unayoishika wewe, na ile inayokushika. Ya kwanza ina nafasi yake kati ya mambo mengine, unaiacha ukiitwa mezani. Ya pili inakula nafasi za wenzake. Kijana mwenye tai aliitwa na kazi akaenda. Rafiki yangu hakuwa na mahali pa kuitwa. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoshauri mke aifiche pedi, au auze mashine siku mume hayupo. Najua nyumba moja ilipofanyika hivyo. Jamaa hakucheza tena, ni kweli. Alianza kukaa garini, kwenye maegesho ya chini, mpaka wote walale.

Simwoshi mtengenezaji wa gemu, lakini. B. F. Skinner alionyesha zamani, kwa njiwa na kitufe, kwamba ndege anayepewa punje bila mpango unaotabirika hudonoa zaidi kuliko anayejua punje inakuja lini. Gemu nyingi za sasa zimejengwa juu ya njiwa huyo. Ukinunua pakiti ya wachezaji hujui ndani mna nani. Huenda nyota, huenda beki wa ligi ya tatu. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba vijisanduku vya bahati vya kulipia vinaingia kwenye sheria yake ya kamari. Kuna zawadi ya kila siku, ambayo ukikosa siku moja unaanza upya. Kuna msimu unaoisha Jumatatu, na kuna wenzako wanne wanaokusubiri mtandaoni na watakaokutukana ukichelewa. Tulipokuwa watoto gemu iliisha. Ukimwua jitu la mwisho majina yalipanda kwenye kioo, ukaenda kuoga. Hizi za sasa hazina jitu la mwisho, na anayezitengeneza analipwa kwa kadiri unavyochelewa kutoka.

Tena hapa Nairobi pana ukuta mwembamba mno, nao ndio unaoninyima mimi usingizi. Kibandani mechi huanza kwa dau la soda. Kisha mia. Kisha mia tano, na watazamaji nao wanaweka zao. Simu iliyo mfukoni mwa mchezaji huyo huyo ina kale kandege ka Aviator, kanakopaa namba zikipanda, nawe unatakiwa kubonyeza utoe pesa kabla hakajatoweka. Sura ni ya gemu, rangi ni za gemu, kidole kinafanya kazi ile ile. Ni kamari. Katika ICD-11 maradhi ya kamari na ya gemu yamewekwa chini ya paa moja, la tabia zinazoleta uraibu, na ukipita mitaani utaona hawakukosea sana. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari nchini ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na baadaye mwaka huo sheria mpya ya kamari ikatiwa saini. Sina haja ya kuichambua hapa. Ninachotaka uone ni kwamba pesa ikishaingia, saa hazina maana hata kidogo: kandege kanaweza kula kodi ya mwezi katika muda wa kuchemsha chai. Mke mwenye daftari angeandika dakika tano, akalala kwa amani.

Ukinibana sana, kuna saa ambazo nami huzihesabu: za kulala. Mtu aliyecheza saa tano akalala saba, simwingilii. Aliyecheza mbili akalala tatu, wiki hadi wiki, huyo nitamwuliza. Kukosa usingizi huzidisha unyogovu na wasiwasi, awe alikesha na pedi au na Biblia.

Serikali za nje zimejaribu swichi. Korea Kusini ilipitisha mwaka 2011 sheria ya kuwafungia walio chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kisha miaka kumi baadaye ikaamua kuifuta. China tangu 2021 inawaruhusu walio chini ya miaka 18 takriban saa 3 kwa wiki. Yote hayo ni ya watoto. Mtu mzima hana wa kumzimia, wala sidhani anapaswa kuwa naye.

Anapaswa kuwa na mahali pa kwenda kusema, na hapo ndipo tunapokwama. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Ripoti ilisomwa, ikasifiwa. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanza mwaka 1910, bado inatajwa vijiweni kama mzaha, na mwanamume wa Nairobi atasafisha gari la mwenzake kabla ya kuonekana getini pale. Mshauri wa kibinafsi anataka maelfu kwa kikao kimoja. Nasikitika kwa sababu kazi yenyewe si ya miujiza. Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo atakurudisha kwenye dakika ile kabla hujawasha mashine: ulikuwa umetoka wapi, nani alikuwa amekuambia nini, ulikuwa unaepa kuwaza nini. Akikuta unyogovu, anautibu huo. Wengi watarudi kucheza, ila wakiwa na uwezo wa kuacha.

Rafiki yangu hakwenda kwa mtaalamu. Nilimwomba mara tatu. Alichokubali ni kumwambia mkewe, Ijumaa ya wiki ile ile, na akataka niwepo. Nilijitayarisha kwa vita kuhusu mashine, nikapanga hata hoja za Oxford kichwani. Sikuzihitaji. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye mapaja, halafu akauliza kwa sauti ndogo sana: "Yaani miezi miwili nimepiga pasi mashati ya kwenda Githurai?"

Juu ya gemu hakusema neno. Aliinuka, akaenda jikoni, tukasikia maji yakimwagika kwenye sinki kwa muda mrefu bila sahani kugongana. Asubuhi yake, nilivyosimuliwa, walikaa na daftari lile lile, wakafungua ukurasa mpya, wakaandika madeni: duka la chini, mkopo wa simu, karo iliyobaki. Orodha ilikuwa fupi kuliko alivyokuwa akiiogopa. Hiyo ni nafuu, ila mtu aliyejificha miezi miwili hatoki siku moja.

Sasa anamsaidia binamu yake kwenye duka la simu Luthuli Avenue, siku tatu kwa wiki. Malipo si ya kusimulia. Gemu bado anacheza, na Jumapili huwa ananifunga mabao ya aibu mbele ya wanawe. Begi halibebi pedi tena, taulo limerudishwa kwa mwenyewe.

Wiki jana, saa nane na dakika kumi usiku, simu yangu ilitetema. Alikuwa amenitumia picha ya kioo: tano bila, dhidi ya mtu wa Brazili. Chini yake hakuandika neno. Zamani ningemjibu, "Lala, buda." Nikamwuliza kama jana alienda dukani.

Alama mbili za kusoma zikaingia mara moja. Jibu lilichukua karibu nusu saa.

"Sikwenda. Wala juzi."

Nikawasha taa, nikampigia.